Mtoa Taarifa Hatajwi

Jumatatu, 1 Julai

Uji saa kumi na mbili na nusu. Wa ulezi, mwepesi, kwa kijiko cha chai. Vijiko tisa. Jana vilikuwa kumi na viwili. Nimemgeuza Baba ubavu, nimempaka mafuta mgongoni, nimebadilisha shuka. Kidonda cha nyonga kinanuka ingawa nakisafisha mara mbili kwa siku. Baridi ya kufa mtu. Ukungu haujaondoka mpaka saa nne.

Upande wa kulia wote umekufa. Mdomo nao. Huu ni mwezi wa tatu tangu kiharusi, hajatamka neno. Mkono wa kushoto bado una nguvu, unanishika nikitaka kuondoka.

Mama amesimama mlangoni, hakuingia. "Afande amekula?" Nikasema kidogo. Akarudi kwenye maharage yake.

Miaka ishirini na mbili anamwita mume wake Afande. Wageni hucheka, hudhani ni utani wa wazee. Si utani. Kabla ya hapo alikuwa Baba Festo, na Mama alilivuta lile jina kwa raha, kwa lafudhi ya kwao Mbamba Bay. Kisha siku moja likakoma. Baba akaitikia hilo jipya bila kuuliza.

Kuandika hivi alinifundisha yeye. Jioni mimi na kaka yangu Festo tulikaa mezani na madaftari kama askari wa zamu. Siku, tarehe, saa, nani, wapi, nini. Maoni yako baki nayo, alikuwa akisema. Haya Sajenti, leo nina maoni mengi na sina pa kuyaweka.

Jumanne, 2 Julai

Vijiko saba. Homa. Nimeomba ruhusa ya shule iongezwe. Mwalimu mkuu amekubali kwa sauti ya mtu aliyechoka kukubali.

Majirani wanamenya kahawa, harufu yake imejaa mpaka chumbani. Baba amegeuza uso ukutani. Huenda ni bahati tu. Msimu wa kahawa hajawahi kuupenda tangu mwaka ule.

Alhamisi, 4 Julai

Baba mdogo Kosmas amekuja kutoka Kitai, mdogo wake Baba, mwenye duka. Amemtazama mgonjwa kwa muda, kisha akanivuta nje. Akasema tusidanganyane, nianze kuandika wasifu wa marehemu.

Marehemu! Mtu anapumua kitandani! Nikamuuliza kama jeneza ameshalipima. Hakukasirika, ndiyo maana huwa nashindwa kugombana naye. Akasema mimi ndiye mwalimu, na msibani watu wakianza kutafuta kalamu wasifu huwa wa ovyo. Kweli. Nimesikia wasifu wa watu makaburini unaoishia kwenye darasa la saba.

Akaongeza kwamba Festo aitwe. Mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia kutupa udongo. Yaliyopita si ndwele, Editha, tugange yajayo.

Festo anaishi Mbamba Bay kwa wajomba, anavua. Ana watoto watatu ambao hawajawahi kumwamkia babu yao. Siku aliyotoka gerezani alituma ujumbe mmoja tu nyumbani: mzee akifa, msiniite. Mbinga nzima inajua sababu. Sajenti Benedikto alimfunga pingu mwanawe wa kumzaa, akampeleka kituoni kwa miguu, mchana kweupe. Wapo wanaoisimulia kwa sifa. Wapo wanaotema mate chini.

Wasichojua ni nani aliyemwambia Baba.

Ni mimi.

Haya, nimeandika. Miaka ishirini na mbili, na hata kwenye daftari sikuwahi. Nimelitazama neno hilo, halikuniua. Nimekwenda kupika mboga.

Jumamosi, 6 Julai

Vijiko sita. Mchana alilala, nikakaa na daftari.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, Festo kumi na tisa. Magunia manne ya kahawa kavu yaliibwa ghala la chama cha ushirika. Walimkamata mlinzi, Mzee Alois. Alikuwa na ufunguo, basi, ikawa imetosha. Alikaa mahabusu siku tano. Baba alirudi nyumbani akasema, yule mzee hajaiba, namjua, lakini ushahidi haunisikilizi mimi.

Nami nilikuwa nimemwona Festo. Alfajiri moja nilikwenda kukata majani ya mbuzi, nikamkuta kwenye ngolo zetu, yale mashimo ya mlimani tunakopanda mahindi, yeye na vijana wawili wa mjini wanafunika kitu kwa mabua. Aliniambia nikisema atanivunja meno. Nisingesema. Nilimpenda, alikuwa ananibeba kwenye baiskeli.

Lakini Jumapili yake, baada ya misa, aliwachekesha wenzake kwa viatu vyangu. Viatu vya Mama, nimejaza matambara mbele. Alinivua kimoja akakinyanyua juu watu waone.

Kwa kiatu. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa huruma kwa Mzee Alois. Haikuwa. Nilimfuata Baba kwenye benchi la barazani anapiga pasi kombati yake, nikamwambia mabua yako wapi na nini kiko chini yake. Nilidhani Festo atachapwa. Nilitaka achapwe mbele yangu.

Baba aliweka pasi chini. Hakuigusa tena mpaka makaa yakapoa. Kisha akasema kwa sauti ya kituoni: "Umetoa taarifa. Mtoa taarifa hatajwi. Hatajwi mahakamani, hatajwi nyumbani. Ukijitaja, umeniharibia kazi." Akavaa kombati ikiwa imenyooka upande mmoja tu, akatoka.

Wale wawili walikimbia. Festo hakukimbia. Alidhani ni baba yake anakuja.

Jumapili, 7 Julai

Mzee Alois amekuja na mkungu wa ndizi, kama afanyavyo kila baada ya wiki mbili. Haoni vizuri sasa. Amekaa kando ya kitanda, amemshika Baba mkono uliokufa, hakujua ni uliokufa, nami sikumwambia. Anasema dunia ina mtu mmoja tu aliyemtoa mwanawe ili mzee wa watu atoke ndani. Mama alikuwa jikoni. Alidondosha sufuria. Hakuidondosha, aliitupa.

Kituo kilimpa Baba cheti cha uaminifu kwa kesi ile. Mama alikifanya kifuniko cha chungu cha mboga. Baba alikiona. Akapakua mboga, akafunika tena. Kifuniko hicho kilitumika mpaka kikaoza.

Tangu mwaka ule alikula peke yake kwenye benchi la barazani, akiangalia mibuni. Mama alimpikia kila siku, wala hakumnyima chumvi. Ila hakukaa naye. Mara moja, nikiwa chuo cha ualimu, Mama alimlaani mbele yangu mpaka povu likamtoka mdomoni. Nikafungua kinywa. Baba akanitazama akatikisa kichwa, polepole, kama anavyomkataza askari mgeni kupiga saluti mahali pasipotakiwa. Nikafunga kinywa. Loo, nilivyokifunga kwa furaha! Hilo ndilo linaloniuma. Sikufunga kwa utii.

Jumatatu, 8 Julai

Vijiko vitano. Nimeandika mistari ya kwanza ya wasifu. Alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alijiunga na Jeshi la Polisi. Huu ni wasifu wa mtu yeyote. Hakuna palipoandikwa kwamba alishona vifungo vyetu mwenyewe kwa uzi wa kijani wa jeshini, hata kwenye blauzi nyeupe. Kwamba asubuhi alitupanga mlangoni, mguu sawa, mguu pande, akakagua kucha. Kwamba aliimba besi kanisani na alikuwa mbovu, na kwaya nzima ilimvumilia kwa ajili ya cheo. Kwamba alimfundisha Mama kuendesha baiskeli na akakimbia nyuma yake hadi bondeni akiwa na kofia ya kazi, na wote wawili wakaangukia kwenye maharage ya watu.

Hilo la baiskeli Festo ndiye aliyenisimulia. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Jumatano, 10 Julai

Nimempigia Festo. Nilipanda hadi kanisani kwenye mtandao mzuri nisisikike nyumbani. Nilikuwa nimepanga maneno. Kaka, aliyekutaja ni mimi, siyo Baba, njoo umwone kabla hajafa. Maneno hayo tu, hata mtoto wa darasa la pili angeyakariri.

Amepokea. Upepo wa ziwa unavuma kwenye simu. Nikasema, Baba anaumwa sana. Akasema, poleni. Nikasema, hazidi wiki. Akasema, nimesikia. Nikanyamaza. Akasubiri, najua alisubiri, nilimsikia akipumua. Kisha akasema anavuta nyavu, akakata.

Mwoga. Mwoga, mwoga, mwoga. Nafundisha watoto sitini kwamba ukweli humweka mtu huru, nao wananiandikia hivyo kwenye mtihani, nami nawapa vema.

Alhamisi, 11 Julai

Vijiko vitatu, kimoja kimerudi.

Miaka minane iliyopita Baba aliniomba nimsindikize Mbamba Bay. Alikuwa akienda mara kwa mara, akiniambia mimi tu kwamba anakwenda kuona rafiki aliyestaafu naye. Alipiga pasi shati, akang'arisha viatu kana kwamba anaingia zamu. Hakukuwa na rafiki. Tulikaa kwenye benchi la mama mmoja muuza chai, karibu na mitumbwi inapofikia. Tukakaa saa nne.

Festo akaja na mtumbwi. Amekuwa jitu, mabega kama ya wajomba. Msichana mdogo akamkimbilia na ndoo. Baba akauliza, yule ni wa ngapi? Nikasema sijui. Akauliza kama amefanana na Mama, au ni macho yake tu. Festo akainua kichwa upande wetu. Aliacha nyavu zake pale pale, akamshika mtoto mkono, akapotea nyuma ya vibanda.

Baba akamaliza chai. Akanunua usipa kwa mwanamke mwingine, wale dagaa wetu wa ziwani, akawafunga kwenye gazeti. Nyumbani Mama akauliza usipa wametoka wapi. Akasema, sokoni Mbinga. Ni uongo pekee niliowahi kumsikia akimwambia Mama.

Mama alipowakaanga, alisema hawa ni wa kwetu kabisa. Nyumba hii imekula usipa wa Mbamba Bay miaka na miaka, mmoja akijua na mmoja hajui.

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi nimefunga mlango, nikapiga magoti. Nikamwambia: Baba, nitamwambia Festo leo. Nitamwambia na Mama. Nimechoka.

Macho yake yalifunguka yote mawili. Nilidhani analia. Akainua mkono wa kushoto. Nikauinamia, nikidhani ni baraka, Mungu anisamehe. Akaniziba mdomo. Kiganja kizima, kikavu, kwa nguvu, mpaka meno yakanikata ndani ya mdomo.

Hakuachia mpaka nilipoitikia kwa kichwa.

Nimekubali. Sikupiga simu.

Jumamosi, 13 Julai

Baba amefariki saa nne na dakika kumi asubuhi. Chumbani kwake. Waliokuwepo: mimi. Mama alikuwa nje anapepeta maharage. Kijiko kimoja.

Jumapili, 14 Julai

Watu wamejaa. Ndugu zake Mama wamepanda kutoka ziwani na lori, wajomba wote. Festo hayumo. Mjomba mkubwa anasema walimkuta ameketi kwenye mtumbwi uliofungwa. Wakamwita mara tatu. Akasema yeye alishazikwa zamani na mzee huyo huyo, maiti haiziki maiti.

Mama hajalia. Wanawake wanamtazama kwa pembe ya jicho. Ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anakunja na kukunjua pindo la khanga.

Baba mdogo amesoma rasimu yangu chini ya turubai. Anataka niandike "ameacha mjane, watoto na wajukuu," nisitaje majina wala idadi. Kwa njia hiyo hakuna atakayeaibika. Nikamuuliza Festo ni mtoto au si mtoto. Akasema, mwanangu, damu haifutiki, ila huu ni msiba, si mahakama. Nikaandika alivyotaka.

Nilikwenda kuchukua viatu vyake vya kazi avalishwe. Viko chini ya kitanda, vimeng'aa. Nani kaving'arisha? Baba alikuwa miezi mitatu hawezi kuinuka. Mimi sijavigusa.

Kopo la dawa ya viatu liko jikoni, nyuma ya chumvi ya Mama.

Nikavirudisha chini ya kitanda. Sikuweza. Amevalishwa soksi tu.

Jumatatu, 15 Julai

Mazishi saa nane mchana. Askari sita wa kituoni walikuja, watoto wadogo hata hawakumjua, wakapiga saluti vizuri. Padre akafupisha. Nikaitwa.

Nilisoma. Alizaliwa, alibatizwa, alisoma. Sauti yangu ilikuwa ya darasani. Nikafika kwenye utumishi, nikasoma "alikuwa mwaminifu", na nikasikia mtu nyuma, upande wa wajomba, akiguna. Mguno mdogo tu. Hata kanisani watu huguna hivyo mahubiri yakiwa marefu.

Karatasi ikaniishia. Bado ilikuwa na maandishi, lakini iliniishia.

Nikasema: magunia ya kahawa nilimwambia mimi. Festo nilimtaja mimi. Kwa hasira ya kiatu. Baba aliniamuru nisijitaje, nami nikaona ni nafuu kwangu, nikamwacha abebe. Amebeba mpaka hapa. Alikuwa akienda Mbamba Bay kumtazama mwanawe kwa mbali, usipa aliokuwa akileta nyumbani ni wa huko. Ijumaa aliniziba mdomo kwa mkono wake. Ninamvunjia amri yake ya mwisho mbele yenu. Ameacha mjane mmoja, watoto wawili, Festo na Editha, na wajukuu watatu. Bwana ametoa, Bwana ametwaa.

Jina la Bwana halikuhimidiwa na mtu. Ng'ombe mmoja akasikika bondeni. Mzee Alois ndiye aliyeanza kulia, kwa sauti, kama mtoto.

Mama akainuka kwenye mkeka. Wanawake wakataka kumshika, akawasukuma. Akaenda hadi ukingoni mwa kaburi akainama, nikadhani anaanguka.

"Baba Festo," akasema. Hakulia. Alisema hivyo tu na akasubiri, akasubiri kabisa, kama mtu aliyeita kwa jirani na anasikiliza hatua za mtu anayekuja kufungua.

Baba mdogo ndiye aliyetupa udongo wa kwanza.

Jumanne, 16 Julai

Nimeamka nimekwenda kumwamkia. Shikamoo Mama.

Maisha yangu yote mama yangu ameniita "mama". Nimebeba jina la mama yake mzazi. Hata akinigombeza, ni "wewe mama wewe."

Ameitikia, "Marahaba, Mwalimu."

Alhamisi, 18 Julai

Wajomba wameondoka na lori lao. Hakuna aliyeniaga. Mjomba mkubwa alinipita mlangoni kana kwamba ni nguzo.

Baba mdogo amebaki siku moja zaidi kwa ajili yangu, nadhani. Nilimuuliza kama nimefanya vibaya. Alichokonoa meno kwanza. Akasema, ungesema miaka ishirini iliyopita, ungekuwa umemwokoa. Ungenyamaza milele, ungekuwa umemtii. Wewe umengoja mpaka hasikii. Kisha akaona nilivyobadilika akasema, basi mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki, kula. Amerudi Kitai.

Nimejiuliza nilisema kwa ajili ya nani. Kwa ajili yake, ili asizikwe na uchafu wangu. Au kwa ajili yangu, kutua mzigo. Sijui. Mzigo haujatua.

Jumapili, 21 Julai

Festo amekuja.

Basi la asubuhi. Nilikuwa nafagia. Nilimwona akipanda njia ya mibuni, ana koti la mvua, ana mvi! Festo ana mvi. Alisimama uwanjani miaka ishirini na mbili baada ya kutolewa hapo na pingu, hata benchi ni lile lile.

Nikaangusha ufagio. "Shikamoo kaka."

Alinipita. Shikamoo yangu ikabaki hapo uwanjani, haikuokotwa na mtu.

Mama akatoka. Alimshika mashavu, akamnusa shingo, ndipo alipolia sasa, kilio chote cha msiba na cha miaka. Majirani walikuja kwa kudhani kuna kifo kingine. Wakaenda kaburini wawili. Mimi nikabaki jikoni, dirisha linaangalia kule. Nilisikia kila kitu. Sikujaribu kutosikia.

Festo akauliza kama ni kweli, ya Mbamba Bay. Mama akasema yeye hajui, ameyasikia pamoja na watu.

Akasema: "Nilikuwa namwona, Mama. Kila mara. Shati limenyooka, viatu vinang'aa, anakaa pale kwa mama wa chai anatazama. Nilidhani ananipeleleza. Nilidhani anangoja nikosee anikamate tena. Nilikuwa nawaambia watoto, mkimwona yule mzee, kimbieni."

Mama akaokota jani kaburini.

"Walikuwa wanakimbia," Festo akasema. "Yule mdogo alikuwa anamwogopa mpaka analia."

Alikaa kaburini hadi saa saba. Aliweka udongo kwa mikono, akausawazisha, akatoa mawe moja moja. Nilipika ugali na kuku, nikampelekea Mama ampelekee. Festo amekula alichopika Mama mwenyewe, maharage. Kuku amerudi na kifuniko chake.

Alipoondoka Mama alimpa viatu vya kazi vya Baba. Alivivaa pale pale, vikamwenea. Ndala zake akazibeba mkononi. Alipofika nilipokuwa nimesimama alipunguza mwendo. Nilidhani atasema. Alitazama miguu yangu, viatu vyangu, kisha akashuka zake barabarani.

Jumatatu, 22 Julai

Nimerudi shule. Watoto walinyamaza nilipoingia. Wamesikia. Nimefundisha kuzidisha.

Jumatano, 24 Julai

Nimewasha moto saa kumi na mbili. Nikachota unga wa ulezi, nikakoroga, nikatafuta kijiko cha chai. Uji ulipochemka ndipo nilipokumbuka. Nimeuacha mezani.

Mama hanitesi. Niandike haki. Anafagia na upande wangu. Nguo zangu akizikuta zimekauka anazianua. Ila hakai nilipo. Nikiingia jikoni anakumbuka kitu nje.

Jioni basi limeleta kifurushi kutoka Mbamba Bay. Usipa, wamefungwa kwenye gazeti, limeandikwa jina la Mama tu. Amewakaanga. Harufu yake ilifika mpaka barazani.

"Mwalimu, chakula kipo," akasema, na sahani akaiweka kwenye benchi. Ugali, mboga, usipa. Hakunipunja. Aliingia ndani kula.

Nimekaa pale alipokuwa akikaa. Ubao umeingia ndani kidogo upande wa kulia. Kutoka hapo unaona mibuni yote hadi barabarani, na mtu anayepanda unamwona mapema. Nilikuwa sijui kwamba anaweza kuona mbali hivyo. Hakuna aliyepanda.

Nimekula zote. Nimeosha sahani.

Siku ya tisa tangu niitwe Mwalimu. Yeye alikaa miaka ishirini na mbili, na hakunitaja.